Bastola ndogo ndiyo ngumu zaidi: kwa anayetaka kununua ya kwanza

Leo mada ni nzito kidogo, kwa hiyo tulieni.

Baba mdogo wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Mabati, misumari, simenti, rangi. Kwa miaka mingi alikuwa na tabia moja ambayo wafanyabiashara wengi wa hapa wanayo: saa moja jioni anafunga duka, mauzo ya siku anayatia kwenye begi la shule la mtoto ili yasijulikane, anaweka begi chini ya kiti cha gari, anapanda mlimani kwake. Mwaka huu mara mbili amefuatwa na pikipiki kutoka mjini hadi karibu na geti. Watu wawili, taa imezimwa. Mara ya pili aliwapigia simu majirani, wakatoka na mapanga na tochi, wale jamaa wakageuza.

Kesho yake akaniita. "Wewe si unashinda kwenye kompyuta? Nitafutie bastola ndogo, ile ya kukaa mfukoni isionekane. Mimi sijawahi hata kuishika, kwa hiyo nataka nyepesi ya kuanzia."

Nikajua ni kazi ya nusu saa. Aisee, ilinichukua jioni nne kafe, na jioni ya tano nikaenda kukaa kwa mzee mmoja jirani yetu, askari mstaafu aliyefundisha wenzake shabaha kwa miaka mingi. Nilichorudi nacho ni kinyume kabisa na alichonituma baba mdogo. Naandika hapa kwa sababu naona siyo yeye peke yake mwenye wazo hilo. Washikaji wengi tunaamini bastola ndogo ni ya kujifunzia, halafu ukiiva unahamia kubwa, kama mtu anavyoanza na baiskeli ya watoto. Siyo hivyo. Ile ndogo ndiyo ya mwisho kujifunza. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tumalizane na sheria, maana wengi mnaosoma hapa mna miaka 19, 20, 22. Wadau, hamruhusiwi, tusidanganyane. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, ile iliyochukua nafasi ya sheria ya 1991, inataka mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, awe na akili timamu, asiwe mlevi wala mtumiaji wa dawa za kulevya, asiwe mtu wa fujo, na awe na cheti cha umahiri kinachoonyesha amefundishwa kutumia silaha. Maombi yanaanzia chini, kwa watu wanaokujua: serikali ya mtaa au kijiji, kata, halafu wilaya na mkoa kupitia polisi na kamati za ulinzi na usalama, mpaka kwa msajili wa silaha. Ndiyo maana mtu ambaye kijiji kizima kinajua anampiga mkewe akinywa, anatakiwa akwame pale pale chini kabla karatasi haijafika popote. Anatakiwa, nimesema. Na leseni ni ya mtu mmoja na silaha moja yenye namba yake. Huwezi kumwazima shemeji yako anayesafiri na mzigo.

Kingine kwa sisi wa Moshi: leseni ya Tanzania ni ya Tanzania. Holili hapo ni karibu, watu wanavuka kwenda Taveta sokoni kama wanakwenda Himo. Ukivuka na bastola kiunoni umesahau, upande wa pili wewe ni mtu mwenye silaha bila kibali, na maelezo yako ya "nilisahau" utayatoa ukiwa ndani. Vile vile usipande nayo hifadhini mlimani. Na anayeuziwa "ya bei rahisi, ya haraka, bila makaratasi" na mtu wa kijiweni hanunui bastola, ananunua kesi. Haijulikani hiyo silaha imefanya nini kabla haijafika mkononi mwake. Basi, sheria imetosha, turudi kwenye chuma chenyewe.

Chukua mifano miwili, nimeichagua kwa sababu vipimo vyake vinajulikana. Ruger LCP, ya Marekani, ilitoka 2008. Hii ndiyo ile anayoiota baba mdogo: ina uzito wa gramu kama 270, yaani robo kilo ya sukari na kidogo, mtutu wake ni milimita 70, inaingia mfuko wa suruali na hakuna anayejua. Kasha lake linabeba risasi 6. Upande wa pili weka Glock 19 ya Austria, ambayo ni ya ukubwa wa kati: gramu kama 670 kabla hujaweka risasi, mtutu milimita 102, risasi 15. Mtu mgeni akiziona mezani anachukua ile ndogo mara moja, anasema hii ndiyo saizi yangu. Mzee wetu alicheka niliposema hivyo.

Sababu ya kwanza ni teke. Risasi ikitoka mbele, bastola inarudi nyuma, hilo halina mjadala. Sasa fikiria mkokoteni. Msukume kijana akiwa na mkokoteni wenye mifuko sita ya simenti, utasogea kidogo tu. Msukume kwa nguvu ile ile akiwa na mkokoteni mtupu, utaruka umkute mtaroni. Bastola nyepesi ni mkokoteni mtupu. Hata ukiipa risasi dhaifu kidogo, kama wanavyofanya hizi ndogo, bado inaruka mkononi kuliko ile nzito. Na kitako chake ni kifupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika, wakati mwingine na cha tatu yake. Unaishika kwa vidole viwili kama mtu ameshika kikombe cha kahawa ya moto.

Sasa mgeni akipigwa teke mara tatu, mwili unajifunza kuogopa. Kabla hajafyatua anakaza mkono, anafumba jicho, anasukuma mtutu chini. Risasi zinakwenda kwenye vumbi mbele ya shabaha. Mzee anasema mwanafunzi akishaanza hii tabia ni kazi ya wiki nyingi kumtoa, na ndiyo maana wanaofundisha vizuri wanaanza na kalibari ndogo ya .22 kwenye bastola nzito, ambayo haipigi teke la maana, mwanafunzi akazoea kulenga na kuvuta taratibu. Mshindo nao usiudharau. Bastola inapiga kelele ya desibeli zaidi ya 150, na mtutu ukiwa mfupi mlipuko unakuwa karibu zaidi na uso wako. Bila vifunika masikio uwanjani unaondoka na mlio kichwani, na masikio hayaoti tena.

Sababu ya pili ni hesabu, na hii niliipenda sana (hesabu ndiyo ilinipa alama nzuri kidato cha nne, mengine tuyaache). Kwenye bastola kuna alama mbili za kulengea, moja nyuma karibu na jicho lako, nyingine kwenye ncha ya mtutu. Tuseme umezikosea kuzipanga kwa milimita moja tu, karibu unene wa kadi ya benki. Kama alama ziko umbali wa sentimita 16, ukimlenga kitu kilicho mita 7 unakosea kwa sentimita kama 4 na nusu. Kama ziko sentimita 10, kosa lile lile linakuwa sentimita 7. Kwa mita 15, ni sentimita 9 dhidi ya 15. Na hapo mkono hautetemeki, giza halijaingia, hakuna mtu anayekukimbilia. Bastola fupi haikusamehi kitu.

Sababu ya tatu: bastola nyingi za kisasa zinajikoki zenyewe kwa kutumia lile teke. Slaidi inarudi nyuma, inatupa ganda, inapandisha risasi nyingine. Ili ifanye kazi, mkono lazima uwe imara, slaidi ipate kitu cha kusukumana nacho. Mkono ukilegea, na kwenye vidogo mkono unalegea kirahisi, ganda linabanwa na ngoma inakwama. Mgeni hajui kuikwamua. Vile vile springi za bastola ndogo mara nyingi ni ngumu kuzivuta. Mama mdogo alijaribu kuvuta mfano wa plastiki wenye springi ambao mzee anafundishia, akashindwa mara mbili, akasema hii ni ngumu kuliko kufungua jagi la presha.

Hapo mtu atasema basi achukue rivolva, ile ya gurudumu, haina slaidi wala kasha. Ni kweli ni rahisi kuielewa. Unaweka risasi tano kwenye gurudumu, unafunga, ukivuta triga inapiga, ikigoma unavuta tena inakuja nyingine. Zile fupi za Smith & Wesson za risasi tano zimekuwepo tangu 1950 na bado watu wanazipenda. Tatizo ni triga. Ni ndefu na nzito, kwa sababu kidole chako ndicho kinachozungusha gurudumu na kurudisha nyundo nyuma. Wakati unavuta hivyo kwa nguvu, bastola yenyewe nyepesi, mtutu unayumba kushoto kulia. Wazoefu wanaiweza. Mgeni anapiga ukuta wa jirani.

Kwa hiyo kwa mtu wa kwanza, mwenye leseni, mwenye sababu, jibu la busara ni ya kati ya 9mm, kitako kinachojaa mkono wote, uzito unaoeleweka. Kama ni lazima ifichike, kuna za katikati: Glock 26 ni fupi ila nene na inabeba risasi 10, Glock 43 ya mwaka 2015 ni nyembamba yenye risasi 6, na SIG P365 iliyotoka 2018 iliwashangaza watu kwa kuingiza risasi 10 kwenye kitu chenye uzito wa karibu nusu kilo. Ukishajua kupiga na ya kati, hizo unaweza kuhamia. Sisemi hizi zipo kila duka la Tanzania, huku unachagua katika kile ambacho muuzaji mwenye kibali anacho siku hiyo, siyo kama kuchagua viatu Memorial. Ndiyo maana ni bora kujua unatafuta nini kuliko kukariri jina moja.

Hapa kuna mtego ambao ulinipa shida hata mimi. Ukisikia "9mm" usiridhike. Kuna 9mm tatu tofauti ambazo utakutana nazo. Ya kawaida duniani ni ile ya milimita 9 kwa 19, Mwaustria anaitwa Georg Luger aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ya Makarov, bastola ya Kirusi iliyoingia jeshini 1951 na ambayo imezagaa sana Afrika, ni 9 kwa 18. Na kuna fupi, 9 kwa 17, ambayo Wamarekani wanaiita .380, ndiyo ya ile Ruger ndogo. Haziingiliani! Kununua bastola ya bei nafuu halafu risasi zake hazipatikani nchini ni kununua nyundo ya gharama. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bastola, uliza risasi: ipi inapatikana kihalali mwaka mzima, bei gani, na leseni yako inakuruhusu ngapi. Mtu anayeweza kununua risasi za kujaza kasha moja tu hatajifunza kamwe. Atakuwa na kitu kiunoni ambacho hajawahi kukipiga zaidi ya mara kumi.

Na ukubwa wa risasi? Vijana tunapenda sana hii mada, ooh .45 inaangusha ng'ombe, ooh .25 ni ya kutisha kunguru. Naipita haraka. Hizi ndogo za 6.35 na 7.65 zilitengenezwa enzi za mababu kwa ajili ya mifuko ya makoti, hazina nguvu sana lakini zinaua vizuri tu, na zile kubwa hazina maana ukikosa. Mzee alisema jambo moja tu: "Ile inayogonga ulipolenga ndiyo kubwa."

Cha maana zaidi ni kama bastola inaweza kupiga bila wewe kutaka. Bastola nyingi za zamani, hasa rivolva za kizazi cha nyuma, zikianguka kwa nyundo zinaweza kufyatuka, ndiyo maana wazee walikuwa wanaacha tundu moja tupu chini ya nyundo. Za kisasa zina vizuizi vya ndani. Lakini hata kampuni kubwa hukosea: mwaka 2017 ilionekana bastola ya SIG P320 inaweza kufyatuka ikidondoka kwa pembe fulani, kampuni ikatoa marekebisho ya bure. Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, mpelekee fundi mwenye kibali aifungue. Usikubali neno la "hii haina shida, mzee alikuwa anaitunza".

Pia mfukoni siyo mahali. Hili nalikazia kwa sababu ndilo baba mdogo alilotaka. Bastola ndani ya mfuko pamoja na funguo na sarafu, triga iko wazi, funguo inaingia pale, unakaa kwenye kiti cha gari... unajua lengo la mtutu liko wapi hapo. Inatakiwa iwe na ala yake ngumu, inayofunika triga yote, iliyofungwa kwenye mkanda imara, siyo mkanda wa mtumba uliopasuka. Na nguo ya kuifunika. Moshi mjini mwezi wa pili, joto lile, utavaa koti? Kule juu kwa baridi unaficha kirahisi, huku chini kila mtu anaona shati limetuna na kesho mtaa mzima unajua. Mwizi akijua una bastola haogopi. Anabadilisha mpango, anakuja kuifuata yenyewe.

Nikiwa kwa mzee alinisimamisha uani, akanipa kile cha plastiki, akanifundisha mambo manne ambayo wapiga shabaha duniani kote wanayakariri. Kila bunduki ihesabu ina risasi, hata kama umeitoa sasa hivi. Usielekeze mtutu kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka umelenga na umeamua. Jua unachokipiga, na jua kilicho nyuma yake. Nikacheka kwamba ni rahisi. Akaniambia geuka uangalie mbuzi. Nikageuka, mtutu ukageuka nami, ukampitia yeye tumboni. Hakusema kitu, alinyoosha kidole tu. Nilitaka ardhi inimeze, na kilikuwa cha plastiki.

Hilo la nne, jua kilicho nyuma yake, kwetu ni kubwa kuliko kwa Mmarekani mwenye shamba la kilomita. Risasi ya 9mm ikikosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Mlimani kwetu vihamba vimebanana, kati ya nyumba na nyumba ni migomba na kahawa, mgomba hauzuii risasi. Nyumba za mbao hazizuii. Usiku unasikia mtu anatembea nje ya dirisha, unafyatua gizani, ni mwizi au ni kijana wako amechelewa kurudi anaogopa kugonga mlango? Oscar Pistorius, yule mkimbiaji wa Afrika Kusini, tarehe 14 Februari 2013 alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa kwa bastola yake halali, akasema alidhani ni mvamizi. Alikuwa mpenzi wake. Mahakama ya rufaa ya huko iliona ni mauaji.

Na sisi tuna ya kwetu. Novemba 2006 jijini Dar es Salaam, Ditopile Mzuzuri, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Tabora, aligombana na dereva wa daladala barabarani, ugomvi wa foleni tu, bastola ikatoka, dereva akafa. Mtu mzima, kiongozi, mwenye kila kitu. Alishtakiwa kwa mauaji, shitaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na mwenyewe akafariki Aprili 2008 kesi haijaisha. Mei 2022 kule Buswelu, Mwanza, mume alimpiga mkewe risasi nyumbani kwao, mwili wa mume ukapatikana ziwani baadaye. Nikihesabu habari za bastola za raia ninazozikumbuka tangu nianze kusoma magazeti, zile za mtu kumpiga jambazi ni chache. Nyingi ni za baa, barabara na chumbani. Huo siyo utafiti, ni kumbukumbu zangu, lakini nadhani na wewe ukikaa ukumbuke utaona hivyo hivyo.

Sasa Desemba yetu. Mnajua wenyewe. Wote wanarudi kutoka Dar, Arusha, Mwanza, mbuzi wanachinjwa, mbege na bia kuanzia asubuhi. Utamwona tajiri mmoja anapandisha shati akikaa, makusudi, ili kitako kionekane mezani. Jamani, bastola na pombe havikai meza moja. Kama umeibeba unakunywa soda. Kama unataka kunywa, inabaki imefungiwa nyumbani. Hakuna njia ya tatu. Binafsi nikiona mtu anafanya hivyo nahama meza hata kama nyama ndiyo imefika.

Najua kuna watakaosema mwandishi anaogopa, haoni ujambazi ulivyo. Naona. Watu wa hapa tunakumbuka mabilioni ya benki ya NBC Moshi mwaka 2004. Tunakumbuka Erasto Msuya, mfanyabiashara wa tanzanite, tarehe 7 Agosti 2013 pale Mijohoroni wilayani Hai. Aliitwa kwa simu kama anakwenda kwenye biashara, wakaja na pikipiki, wakammiminia risasi za SMG mchana kweupe. Watu watano walihukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu hapa Moshi Julai 2018. Ukikaa ukafikiria lile tukio, niambie ni bastola gani ndogo ingebadilisha kitu. Anayekuvizia ameshachagua mahali, saa na silaha, na anajua kuanza kabla yako. Bastola inaweza kusaidia katika hali chache ambazo una sekunde kadhaa za kuona, kuamua na kuitoa. Nyingine zote, kilichosaidia ni kutokuwepo pale, au kutokuwa na kitu cha kuchukua.

Pia sheria haikuachii ufanye utakavyo. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujitetea wewe, mwenzako na mali yako, ila kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mwizi ameshatupa begi anakimbia, ukampiga mgongoni, wewe ndiye mshtakiwa. Utakaa mahabusu, duka litafungwa, wakili atalipwa kwa mauzo ya mabati.

Basi bwana, jioni ya sita nikampelekea baba mdogo ripoti, kurasa tatu nimechapisha kabisa kafe. Akasoma ya kwanza, akaniuliza: "Kwa hiyo unasema ninunue kubwa?"

Nikamwambia, baba, nasema ukinunua ununue ya kati, baada ya mafunzo siyo kabla, na kabati la chuma liwe limefungwa ukutani kabla bastola haijaingia ndani. Kabati la chuma siyo droo, siyo juu ya kabati la nguo, siyo chini ya godoro. Watoto wanajua chini ya godoro kuliko wewe.

Mama mdogo alikuwa anamenya ndizi pale mlangoni, hakuwa ameongea muda wote. Akauliza, "Baba watoto, Desemba wakija wajukuu wa kaka yako wote tisa, funguo ya hilo kabati atakaa nayo nani? Maana wewe ukilala hata simu hujui iko wapi."

Baba mdogo hakujibu. Aligeuza ukurasa wa pili akasoma, akageuza wa tatu. Akaniuliza wakala wa benki pale jirani na duka anafunga saa ngapi.

Wiki hii ni ya tano. Mauzo yanaingizwa saa kumi na saa kumi na moja na nusu, wateja wakubwa wanalipa kwa simu, begi la shule amerudishiwa mtoto. Barabara ya kurudi anabadilisha, na geti kaweka taa inayowaka mtu akisogea. Pikipiki haijaonekana tena, ingawa hilo halithibitishi kitu. Barua ya maombi ya silaha ameiandika, sijui kama ataipeleka. Ipo kwenye droo ya kaunta chini ya daftari la madeni, juzi niliiona nikitafuta kalamu.

Wadau wenye leseni, hasa mliopitia mafunzo, karibuni hapo chini mseme mlianza na ipi na mnaonaje. Ila msiandike mnapoihifadhi.